Matairi ya Lori kwenye Pikapu ya Marwa

Juzi pikapu moja ilipita hapa nyumbani kwangu ikielekea Matongo, na kabla sijaiona nilikuwa nimeshaujua ugonjwa wake. Ilipokata kona ilitoa mlio wa krrr, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Nikatoka nje, nikapunga mkono. Kijana akasimama. Matairi yake yalikuwa makubwa kweli, mapya, yamempita magoti. Lakini ukichungulia ndani ya madigadi ulikuta mpira umeliwa pembeni kama muhindi uliopitiwa na panya.

"Shikamoo mzee. Nikusogeze mbele?"

"Marahaba. Siendi popote. Nilitaka kukuuliza tu, ulipofunga matairi haya gari lilikuwa na mzigo?"

"Halikuwa na kitu mzee. Lilikuwa gereji."

"Na usukani ulikuwa umenyooka?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina la mama mkwe wake. "Sasa ungekuwaje?"

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya huyo kijana, na kwa ninyi wenzake wote mnaodhani kwamba tairi kubwa linahitaji kununuliwa tu, basi. Kosa lenu mimi nililifanya miaka ya hamsini, wakati baba zenu hawajazaliwa, na nililifanya vizuri kuwashinda, maana gari langu mimi lilisimama katikati ya Mto Mara likiwa na mama wa mtu ndani.

Shule niliiacha darasa la tatu. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja mwalimu alikuwa anatufundisha hesabu za matunda, nje ikapita katapila ya kuchonga barabara, nikaifuata. Nikaifuata siku mbili. Tangu hapo nimechunga ng'ombe za watu, nimebeba maji kwenye machimbo, nimechoma matofali, nimepika kwenye kambi ya watengeneza barabara mpaka siku walipoonja. Kila mahali nilikaa hadi nijue kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua, miguu inaanza kuwasha. Gereji ya Tarime ndiyo iliyonishika, kwa sababu gari ukishalijua hapa linaharibika pale.

Mwenye gereji alikuwa Fundi Hamisi, mtu wa Pangani aliyekuja bara kumfuata kaka yake muuza vitambaa, akabaki. Alikuwa mpole mno. Sisi wengine tulikuwa tunazungumza Kiswahili kama tunapasua kuni, yeye alizungumza kama anamimina kahawa. Ukikosea hakufokei wala hakupigi. Alikuwa anaweka spana chini, anafuta mikono, anasema, "Hebu nieleze ulichofikiri." Wallahi, vijana, afadhali kofi. Kofi linauma mara moja. Kueleza ulichofikiri, wakati unajua kwamba hukufikiri, kunauma mpaka jioni.

Sasa kulikuwa na huyu Marwa wa Busawe. Alikuwa mtu wa makamo, askari wa zamani wa vita ya Burma, na alikuwa na pikapu kuukuu ambayo aliipenda kuliko watu wengi. Taabu ya pikapu ilikuwa ufupi. Barabara ya kutoka Tarime kushuka mtoni na kupanda upande wa Serengeti ilikuwa ni mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya malori, na katikati tuta. Lori linapita juu ya tuta bila habari. Pikapu ya Marwa ilikuwa inalipanda kwa tumbo, difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, linalima, na Marwa anashuka na jembe.

Asubuhi moja akatufikia gereji amepakia matairi manne ya lori dogo. Ya kwake yalikuwa sita kwa kumi na sita. Haya yalikuwa saba na nusu kwa kumi na sita, yaani tundu la katikati ni lile lile, linaingia kwenye rimu ile ile, ila mpira wenyewe ni mnene na mrefu. Kwa mtu asiyejua, habari imekwisha.

"Nifungieni haya," akasema Marwa. "Na mnifungie leo."

Fundi Hamisi akalizunguka gari, akaingiza vidole kati ya tairi la zamani na madigadi. "Siku tano, bwana Marwa."

"Siku tano sina. Mama yangu yuko Busawe, ng'ambo ya mto. Kaka yake yuko Nyarero, upande huu wetu, anaumwa, ameacha ugali, anakunywa uji tu. Mama magoti yamekwisha, hawezi kutembea. Nimemwambia nitamfikisha kwa kaka yake kabla masika hayajafunga kivuko."

"Mwambie asubiri siku tano."

"Ameshafunga mizigo, fundi. Mama yangu akishafunga mizigo, haifunguliwi mpaka afike."

Mnaelewa hapo, vijana. Mto Mara siku hizo pale kwetu tulikuwa tunauvuka juu ya mawe, mahali maji yanapotandaa. Kiangazi maji yanafika katikati ya gurudumu. Masika yakishika hauvuki, unakaa upande uliopo miezi miwili. Na mjomba wa Nyarero hakuwa na miezi miwili.

Fundi akakubali kujibana. Lakini vyuma vya kuinulia gari hakuwa navyo, ilibidi avifuate Musoma. Kabla ya kupanda lori akaniita. "Funga matairi, upime, urekebishe madigadi. Kuinua uniachie mimi. Umesikia?"

"Nimesikia fundi."

Nilisikia kweli. Kusikia sijawahi kuwa na tatizo nako.

Nikafunga matairi yote manne kabla ya adhuhuri. Nikaendesha mbele na nyuma uani mwa gereji mara mbili, usukani umenyooka muda wote kwa sababu uwanja ulikuwa mrefu, gari tupu. Kimya kabisa. Nikajipongeza, nikamwambia Marwa, "Tata," yaani baba kwa lugha ya huku kwetu, "hizo siku tano fundi alikuwa anazihesabu za nini?" Marwa akafurahi, tukatoka na gari hadi sokoni ili watu walione.

Sokoni watu walipanda. Hatukuwaita. Walipanda tu nyuma, kumi na wangapi sijui, pamoja na mbuzi wa mtu, na mimi nikakata kona kurudi. Krrr. Nikanyoosha, kukawa kimya. Nikakata tena, krrr, na moshi kidogo, na harufu ya mpira ulioungua.

Mama mmoja muuza viazi akauliza, "Gari lenu linasaga nini?"

"Linasaga fundi," akajibu mwingine.

Nikasimama nikasema naomba mshuke, hili lilikuwa jaribio tu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tairi la akiba hakusogea hata kidogo. "Kama ni jaribio," akasema, "mbona hamjajaribu mlimani?" Wakacheka wote, wakakaa vizuri. Ikabidi niwapeleke mlimani.

Na pale mlimani, vijana, ndipo nilipojifunza jambo ambalo Fundi Hamisi alikuwa ameshaniambia mara tatu. Gari lina hali zaidi ya moja. Likiwa tupu na limenyooka, hiyo ni hali ya kupigiwa picha. Lipime likiwa limebeba, usukani umekatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, na gurudumu moja limepanda jiwe ili la upande wa pili lizame. Hapo ndipo tairi linapoonyesha linakotaka kwenda.

Tulivyopima sisi ni hivi, na hata leo inafaa. Nilichukua majivu ya jikoni, nikayachanganya na mafuta ya ng'ombe yakawa kama uji mzito, nikapaka ndani ya madigadi yote, na kwenye springi upande wa ndani. Kisha nikawarudisha wale abiria wangu, ambao hawakuhitaji kubembelezwa, nikalikatisha gari kila namna. Nilipochungulia, mahali majivu yalipofutika ndipo tairi lilipogusa. Hakuna kubahatisha. Yalifutika kwenye mdomo wa madigadi kwa mbele, yakafutika kona ya nyuma ya ndani usukani ukikatwa sana, na yakafutika juu kabisa pale gari linapozama kwenye shimo.

Mdomo wa madigadi usiukate. Vijana wengi mnakimbilia kukata. Bati lililokatwa ni kisu, na siku gari likizama linachinja tairi. Ukunje kwenda ndani na juu, kwa gogo laini chini na nyundo juu, pole pole, kama unakunja ukili. Kona ya ndani dawa yake ni ile boliti ndogo inayozuia usukani usikate kupita kiasi. Ongeza washa, kile kibati cha duara chenye tundu, moja au mbili chini ya kichwa chake, basi usukani unakoma mapema. Gari litahitaji uwanja mpana zaidi kugeuza, dereva atalalamika wiki moja, halafu atazoea na kusema lilikuwa hivyo tangu zamani. Wengine wanatia mabamba kati ya gurudumu na haba, kile kitovu chake cha chuma, ili gurudumu litoke nje. Fundi Hamisi alikuwa hataki kabisa. Alisema nati ikishika nyuzi chache, siku moja utapitwa na gurudumu lako mwenyewe barabarani, na litakuwa halina salamu.

Hayo mawili niliyamaliza siku mbili. Likabaki la juu. Hapo hakuna ujanja ila kuinua gari, vidole viwili, kwa kuweka kitu kigumu kati ya springi na ekseli. Na kuinua nilikuwa nimeambiwa nisiguse.

Siku ya tatu Marwa akaja amekunja uso. Kuna mtu alikuwa amepita kutoka Nyarero. "Mjomba ameanza kuwaita watu waliokufa," akasema. "Anawaita kwa majina, anawauliza mbona hawakai. Fundi wako yuko wapi?"

"Yuko Musoma."

"Na mawingu yako wapi?"

Sikuhitaji kutazama. Yalikuwa upande wa juu wa mto.

Jirani ya gereji palikuwa na ghala la ngozi. Ngozi za ng'ombe zilizowambwa juani, kavu, zimepangwa kama mbao. Nilikuwa naziona kila siku, na siku hiyo nikaziona kwa jicho jingine. Nikachukua moja, nikaigonga kwa nyundo. Ikalia ko, ko, kama mninga. Nikajaribu kuikata kwa kisu, kisu kikateleza, ikabidi nitumie msumeno. Nikasema moyoni, chuma ni kitu gani basi.

Nikakata vipande, nikavipanga vinane vinane hadi nikapata unene wa vidole viwili, nikaviweka juu ya ekseli pande zote nne, nikafunga springi juu yake kwa boliti zake ndefu, nikakaza mpaka spana ikaniomba radhi. Nikapakia watu, nikapandisha gurudumu kwenye jiwe. Majivu hayakufutika hata chembe.

Watu wa gereji walikuja kuangalia. Mchomeleaji akaangalia, mpiga rangi akaangalia, mwenye ghala la ngozi mwenyewe akaangalia, Marwa akaangalia. Wote wakasema hapo umefikiri. Sasa fikirini ninyi. Mtu wa mjini asingeweza kulifanya kosa hili, asingewaza ngozi. Ilihitajika watu waliozaliwa juu ya ngozi, waliolala juu ya ngozi, waliobebwa mgongoni kwa ngozi, wasimame watano kuizunguka na asitokee hata mmoja wa kukumbuka inakuwaje ikilowa.

Marwa akanishika bega. "Twende."

"Mimi? Niende wapi?"

"Wewe si ndiye uliyefunga? Basi utapanda ulichofunga."

Tukashuka hadi mtoni, tukavuka maji yakifika kwenye haba, gari kimya, limesimama juu kama twiga. Tuliruka matuta ya barabara bila kugusa. Marwa alikuwa anaimba. Tukafika Busawe jioni, na gari likalala nje na ngozi zake nane nane, zimekunywa maji ya Mto Mara ya kutosha, zikaendelea kuyameza taratibu.

Asubuhi nikamkuta Bhoke, mama yake Marwa, ameshasimama kando ya gari na fimbo yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi, mwenye macho ya mtu anayehesabu mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi mama."

"Mbona mikono misafi?"

"Nimenawa mama."

"Fundi akinawa, grisi haitoki." Akainama kwa shida, akaingiza ncha ya fimbo chini ya gari, akagusa pale juu ya ekseli. Fimbo ikazama kidogo. "Hii ni nini?"

"Ni ngozi mama. Ndiyo inayoinua gari."

"Imelowa."

"Jana tulipita mtoni."

"Mura," akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita kijana, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa kama ya mtu anayemhurumia mwanawe, "umewahi kulala juu ya ngozi iliyolowa?"

"Nimewahi."

"Asubuhi ilikuwaje?"

Nikainama, nikaibonyeza ngozi kwa kidole. Ilikuwa kama ulimi. Laini, nene, inateleza. Nilikuwa najua. Nilijua tangu nina miaka mitano.

Marwa akapiga honi. "Mama, ingia, angalia mawingu yale."

"Naingia. Sitaki kukaa nyuma na mbuzi."

Nikaingia chini ya gari na spana. Nati ambazo Tarime zilikuwa zimekazwa kufa, sasa zilizunguka kama kifuniko cha chupa. Nikakaza, zikazunguka. Nikakaza tena, na kila nilipokaza, ngozi ilijikamua maji na gari likashuka. Vidole viwili vikawa kimoja na nusu. Nikatoka, Marwa akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Tayari, tata."

Sikilizeni, kuweka ngozi lilikuwa kosa la mjinga, na mjinga anasamehewa. Kusema tayari, hilo lilikuwa kosa langu hasa. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu mbele ya mwanamke mwenye fimbo.

Nikapanda nyuma pamoja na mbuzi, kibuyu cha maziwa na gunia la unga wa wimbi. Tulipoanza kuteremkia mtoni nikaanza kuisikia. Krrr kidogo kwenye shimo, kimya, krrr. Marwa akaacha kuimba.

Maji yalikuwa yamepanda hadi juu ya haba, rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yanashuka na vijiti na majani mabichi. Hiyo ndiyo dalili kwamba huko juu imenyesha. Marwa akasema ama sasa ama tena basi, akaingia. Tukafika katikati. Pale kuna jiwe kubwa, kila dereva anajua kulikwepa, akakata usukani. Nikasikia kitu kinateleza chini ya miguu yangu, ekseli ya mbele ikarudi nyuma kwa upande wa kushoto, tairi likauma madigadi kama mbwa anavyouma mfupa, na gari likasimama. Injini ikazimika.

Kukawa na sauti ya maji tu. Halafu nikamsikia mama Bhoke kule mbele.

"Marwa, tumefika?"

"Hapana mama."

"Basi umesimamia nini?"

Nikashuka. Maji yalinifika mapajani, na yalikuwa na nguvu. Nikachungulia tairi. Halikuwa na pa kwenda. Mama akatoa kichwa dirishani. "Mura, ukiona gogo linakuangalia, panda juu."

"Ndiyo mama."

"Na uniambie, na mimi nilione."

Ng'ambo, upande wa Tarime, kulikuwa na mtu analima kwa plau na ng'ombe sita. Alikuwa ameegemea mpini wa plau, anatutazama, hana haraka. Nikavuka kwa kushikilia mawe, nikamfikia nimelowa mpaka shingoni. Jina lake lilikuwa Nyamhanga.

"Shikamoo tata. Tuna gari mtoni."

"Nimeliona. Nilikuwa nangoja uje uniambie."

Alifungua plau, akawashusha ng'ombe wote sita mpaka majini, tukafunga mnyororo kwenye chesisi. Ng'ombe wakavuta, tairi likakokoteka bila kuzunguka, madigadi yakalia mlio ambao sitausahau, na pikapu ikatoka mtoni pole pole kama mkokoteni. Marwa alikuwa ameshika usukani, ametazama mbele, hataki kumwangalia mtu. Mama yake alikuwa amekaa wima kama bibi harusi.

"Marwa," akasema gari lilipopanda ukingo, "mimi nilitolewa Nyarero kwenda Busawe kwa ng'ombe, na leo ng'ombe wananirudisha kwetu. Baba yako alitoa wengi kuliko hawa."

Nyamhanga alicheka hadi akaachia mnyororo.

Tukalipandisha gari kwenye jeki, nikafungua boliti. Ngozi zilitoka zimelegea, zinanuka. Nikazitupa pembeni, na kabla sijageuka mbwa wa Nyamhanga alikuwa ameshabeba furushi moja anakimbia nalo shambani. Nimefanya kazi ya magari miaka mingi, nimeona spea zikiibiwa, zikipotea, zikiuzwa mara mbili. Spea kuliwa niliona siku ile tu.

Marwa akaketi kwenye ukingo, akashika kichwa. Mto ulikuwa unapanda machoni petu, jiwe kubwa lilikuwa halionekani tena. Tarime ilikuwa mbali kwa miguu, Nyarero vile vile, na mama hatembei. Ndipo nikamwambia yote. Kwamba fundi alinikataza, kwamba asubuhi nati zilikuwa zimelegea, kwamba nilijua. Nilitegemea anipige. Aliniangalia tu, akasema, "Na sasa unajua nini?"

Nikasema nahitaji kitu kigumu, kikavu, ambacho maji hayakifanyi kitu.

Mama Bhoke akainyoosha fimbo yake kuelekea pembeni ya shamba, palipolala nira ya zamani ya ng'ombe, imepasuka upande mmoja. "Mti ule umenyeshewa mara ngapi?"

"Tangu nianze kulima," akajibu Nyamhanga. "Nilinyang'anywa na ufa, sio na mvua."

"Tukate?"

"Mkate. Lakini nitapanda gari hadi Nyarero."

"Unakwenda kufanya nini Nyarero?" Marwa akamuuliza.

"Kupanda gari."

Nikapata vipande vinne, kwa msumeno wa chuma ambao haukuumbiwa mti, tukipokezana hadi viganja vikatoa malengelenge. Na hapa shikeni neno moja la kazi. Haitoshi kipande cha kuinulia kiwe kigumu, lazima kikatazwe kutembea. Katikati ya springi kuna boliti yenye kichwa, kinachokaa kwenye tundu la ekseli. Ukiweka kitu kati yao, nacho kiwe na tundu juu la kupokea kile kichwa, na chini kiwe na kipini kinachoingia kwenye ekseli. Ngozi zangu hazikuwa na kipini wala tundu, ndiyo maana ekseli ilipata nafasi ya kutalii. Safari hii tulitoboa kwa chuma chenye moto, vipini tukavichonga kwa panga la Nyamhanga. Kisha nikakaza. Nati zikafika mahali zikakataa, na kukataa kule kulikuwa kutamu.

Tulifika Nyarero jua halijazama. Nyamhanga alikuwa nyuma amesimama, anamsalimia kila mtu njiani, hata wasiomjua. Gari halikulia hata mara moja.

Mjomba, jina lake Muniko, alikuwa amelazwa karibu na mlango. Mama Bhoke hakutaka kubebwa. Akaingia kwa fimbo yake, akaketi chini kando ya kitanda, akamtazama.

"Umekonda," akasema.

"Umechelewa," Muniko akasema.

"Nilikaa mtoni kidogo."

"Na nani?"

"Na fundi wa ngozi." Akamweleza yote, na Muniko akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi tukaogopa. Alipotulia akaomba ugali. Alikula matonge mawili. Watu wa nyumbani wakatazamana.

Mvua ilianza siku ile ile, na kivuko kikafungwa. Kwa hiyo tukakaa. Siku ya nne nikaenda Tarime kwa miguu kumkabili Fundi Hamisi. Vyuma vyake vilikuwa juu ya meza, vimefungwa kwenye gazeti. Akafuta mikono.

"Hebu nieleze ulichofikiri."

Nikaeleza, toka ngozi hadi mbwa. Alitabasamu kwa mbwa. Halafu akauliza, "Na asubuhi ile, nati zilipozunguka, ulimwambia mwenye gari?"

"Sikumwambia."

Akanipa vile vyuma. "Kufunga vibaya tutafundishana," akasema. "Kunyamaza sina spana yake."

Vyuma nilirudi navyo, lakini Marwa hakutaka vifungwe. Alisema miti imekaa, ibaki. Ilibaki, na mimi kila asubuhi nilikuwa naingia chini kuzigusa nati, maana mti mpya mahali pake unajipanga, na boliti uliyoikaza leo haijamaliza kukazwa.

Muniko aliishi wiki tatu. Dada yake hakutoka kando ya kitanda kile ila kwa haja. Walikuwa wanabishana mchana kutwa, nani aliiba maziwa ya nani walipokuwa watoto, na ng'ombe mwenye baka jeupe alikuwa wa mama yupi. Wale waliokufa hakuwaita tena, hakuwa na nafasi. Alikufa asubuhi moja katikati ya ubishi, na mama Bhoke akaumaliza peke yake, kwa sauti ya chini, akimpa yeye ushindi.

Siku ya pili baada ya mazishi mvua ilikuwa imekatika, mapema kuliko kawaida, na watu walikuwa wanasema mto umeanza kushuka. Nilikuwa chini ya gari. Nikaona ncha ya fimbo, na miguu miwili myembamba yenye vumbi, ikasimama.

"Mura, miti imekaa?"

Lile neno, "tayari", lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Mbele kushoto nati imelegea, mama. Nusu mzunguko. Na boliti yenyewe siiamini, nataka kuifungua yote niitazame. Inaweza kuchukua hadi kesho."

Nikasikia anavuta kigoda, anaketi kando ya gurudumu, anaegemeza mgongo wake kwenye lile tairi kubwa.

"Fungua," akasema. "Safari hii sina haraka."